Negativu zangu ni nyepesi: kasoro iko kwenye mwanga au kwenye dawa?

Kivuli_Kirefu ameuliza:

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kusafisha filamu nyumbani, kwa sababu ushauri ninaoupata unapingana na sijui nishike upi.

Ninapiga picha nyeusi na nyeupe kwa filamu ya Ilford HP5 Plus ya milimita 35, na kamera nimeiweka kwenye ISO 400 (namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga) kama inavyoelekezwa. Dawa ninayosafishia ni ID-11 isiyozimuliwa, tangi ni la plastiki la Paterson, na mkanda ninaupakia kwenye spuli ndani ya mfuko wa giza. Maji yangu hayashuki chini ya nyuzi 26 za Selsiasi. Kwa hiyo, badala ya dakika 7 na nusu zinazotajwa kwa nyuzi 20, nimekuwa nikitumia dakika 4 na nusu, na tangi ninalipindua kwa nguvu kila baada ya nusu dakika ili dawa ichanganyike.

Negativu zinazotoka, yaani zile picha za mkandani ambamo penye mwanga huwa peusi, ni nyepesi mno. Nitoe mfano wa picha moja ya mtu aliyesimama juani akiwa amevaa kofia pana. Shavu lililopigwa na jua limetoka vizuri, hata mikunjo midogo ya ngozi inaonekana, lakini macho yaliyo chini ya ukingo wa kofia hayapo kabisa. Mahali hapo negativu ni plastiki tupu, na nikiigeuza kuwa picha ninabaki na shimo jeusi. Zaidi ya hayo, kwenye picha zenye anga pana kuna michirizi inayoanzia kwenye matundu ya pembeni mwa mkanda na kuingia hadi ndani ya picha.

Rafiki mmoja ananiambia niongeze muda wa kusafisha, mwingine anasema nibadilishe dawa, na wa tatu anasisitiza kwamba niipige filamu hii kama ISO 200, yaani niipe mwanga mara mbili. Je, ipo namna ya kujua kasoro iko wapi kabla sijaanza kubadilisha kila kitu kwa mkupuo?

Mwanaspuli amejibu:

Ndugu mleta mada, namna ipo, na huhitaji kifaa chochote ili kuitumia. Usiguse dawa, wala muda, wala ISO, mpaka uwe umesoma ukingo wa mkanda wako.

Pembeni mwa kila mkanda wa milimita 35, kandokando ya safu ya picha, kuna maandishi: jina la filamu na namba za picha. Maandishi hayo hayakupigwa na kamera yako. Yalimulikwa kiwandani, kabla mkanda haujafungwa ndani ya kopo lake, yakabaki humo kama picha fiche hadi siku ulipomimina dawa. Lenzi yako haihusiki nayo, kipima mwanga chako hakihusiki nayo, na shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, haihusiki nayo; kinachoyatokeza ni dawa peke yake, kwa joto na muda uliotumia. Ndiyo sababu ukingo ni shahidi asiyependelea upande wowote.

Ukikuta maandishi ni meusi na makali ilhali picha zenyewe ni nyepesi, dawa imefanya kazi yake na kilichopungua ni mwanga ulioingia ndani ya kamera. Ukikuta maandishi yamefifia na kuwa ya kijivu sawa na picha, basi mkanda haukusafishwa vya kutosha: pengine muda ulikuwa mfupi, au dawa ilikuwa ya baridi, imechoka au imezimuliwa kupita kiasi. Wapo pia wanaotoa tangini mkanda ulio wazi kabisa. Hao nao waangalie ukingo kwanza, kwa kuwa kama maandishi yapo na picha hazipo, mkanda haukusogea ndani ya kamera au shata haikufunguka. Na kama hata maandishi hayapo, dawa ilikuwa imekufa au fiksa, ile dawa inayopaswa kufuata baada ya ya kusafishia, ilitangulia kumiminwa. Mkanda uliokuwa mweusi wote, ukingo pamoja na picha, umeingiwa na mwanga.

Kuna tofauti nyingine inayosaidia. Negativu iliyokosa mwanga huwa na vivuli vitupu ilhali sehemu zenye jua zinaonekana vyema, ila ile isiyosafishwa vya kutosha huwa na kila kitu kwa ufifi: vivuli vipo kidogo, sehemu angavu hazipandi, na picha nzima ni kijivu kimoja. Maelezo yako ya kofia yanaelekea upande wa mwanga, lakini dakika 4 na nusu zinanitia shaka, kwa hiyo nisingependa kuhukumu kabla hujauangalia ukingo.

Tafadhali usiuangalie kwa skana wala kwa programu ya simu. Vyombo hivyo hujirekebisha vyenyewe ili picha ipendeze, na kwa kufanya hivyo vinakuficha jambo hasa unalolitafuta. Weka mkanda juu ya skrini nyeupe, usogeze jicho karibu, kisha utueleze herufi zinaonekanaje. Taja pia aina ya kamera unayoitumia.

Mama_Tangi amejibu:

Ninakubaliana na Mwanaspuli kuhusu ukingo, lakini ile michirizi haina haja ya kusubiri, kwa kuwa chanzo chake kinajulikana. Unapolipindua tangi kwa nguvu, dawa hupenya kwa kasi kwenye matundu ya pembeni, na sehemu iliyo mkabala na kila tundu hupata dawa mpya nyingi kuliko majirani zake. Hapo negativu inakuwa nzito zaidi, na kwenye anga tulivu ndipo jicho linapoiona michirizi hiyo.

Muda mfupi nao unazidisha tatizo. Kodak, katika maelekezo ya filamu zake, huonya kwamba kusafisha kwa muda usiofika dakika 5 kunaweza kuleta matokeo yasiyo sawa mkanda mzima, na sababu yake ni nyepesi kuielewa: sekunde unazotumia kumimina dawa na kuitoa zinakuwa sehemu kubwa ya muda wote. Kwa joto lako, ID-11 isiyozimuliwa inakusukuma chini ya mpaka huo.

Usihangaike kuipoza dawa peke yake hadi nyuzi 20 wakati maji ya kusuuzia yatabaki kwenye 26. Tabaka la jelatini linalobeba picha halipendi kupandishwa na kushushwa joto, na maelekezo ya Ilford yanataka maji ya kusuuzia yasipishane na joto la dawa kwa zaidi ya nyuzi 5. Fanya kila kitu kwenye joto ulilo nalo, ila izimue dawa: sehemu moja ya ID-11 kwa sehemu moja ya maji. Kwa mchanganyiko huo HP5 Plus inahitaji dakika 13 kwenye nyuzi 20. Kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda kwa karibu asilimia 8 ya muda uliobaki, kwa hiyo kwenye nyuzi 26 unapata kama dakika 8, na kwenye nyuzi 24 dakika 9 na nusu hivi. Huo ni muda wenye nafasi ya kupumua. Tangi la Paterson linahitaji mililita 290 kwa mkanda mmoja wa milimita 35, yaani 145 za dawa na 145 za maji, na mchanganyiko huo ukishatumika mara moja unamwagwa.

Kuhusu kupindua: geuza tangi juu chini mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo, kisha mara 4 katika sekunde 10 za mwanzo za kila dakika inayofuata. Geuza kwa utulivu, bila kulitikisa, huku ukilizungusha kidogo mkononi ili dawa isipite njia ileile kila mara. Kila ukimaliza, ligonge tangi taratibu mezani. Viputo vya hewa vinavyong'ang'ania mkanda huzuia dawa isifike, na huacha viduara vidogo vilivyo wazi ambavyo hakuna namna ya kuvirekebisha baadaye.

Kivuli_Kirefu amejibu:

Nawashukuru sana kwa ufafanuzi huu. Nimeweka mikanda juu ya skrini nyeupe kama nilivyoelekezwa, na jina la filamu pembeni ni jeusi na kali, linasomeka bila shida yoyote, ilhali picha iliyo kando yake ni nyepesi. Kamera ninayoitumia ni Olympus OM-1, na mwanga ninaupima kwa sindano yake ya ndani. Betri yake ya asili haipatikani, kwa hiyo nimeweka ya alkalaini ya volti 1.5 yenye umbo lilelile.

Kuna jambo jingine nililoliona nilipokuwa nikiikagua. Mkanda mmoja una sehemu yenye utusitusi wa maziwa, hasa zile picha zilizokuwa ndani kabisa ya spuli. Je, nayo inatokana na mwanga?

Fundi_Lenzi amejibu:

Ndugu, umeitaja betri, na hapo ndipo ningeelekeza macho.

OM-1 ni kamera ya miaka ya 1970, na kipima mwanga chake kilibuniwa kwa betri ya zebaki aina ya PX625, yenye volti 1.35. Betri za zebaki zilikuwa na sifa moja adimu: volti zake zilibaki palepale kwa muda mrefu, kisha zikaanguka ghafla betri ilipokwisha. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hawakuona haja ya kuweka saketi ya kusawazisha umeme. Zebaki ilipopigwa marufuku kwa sumu yake, betri hizo zikatoweka madukani, na alkalaini ikachukua nafasi yake kwa umbo lakini si kwa volti.

Ukiipa sindano volti nyingi kuliko inazozitarajia, inapanda zaidi ya inavyopaswa, nawe unaamini kwamba mwanga ni mwingi kuliko ulivyo. Unafunga tundu la lenzi au unaongeza kasi ya shata, na filamu inapata mwanga pungufu. Ubaya zaidi ni kwamba volti za alkalaini hushuka polepole kadiri betri inavyochakaa, hivyo kosa la leo si kosa la mwezi ujao, na huwezi kulifidia kwa kuhamisha ISO mara moja na kusahau. Huyo rafiki yako wa tatu anakupa ahueni ya muda tu.

Njia zilizopo ni kadhaa. Betri ya zinki na hewa ya namba 675, ile inayotumika kwenye vifaa vya kusaidia kusikia, ina volti 1.4 na inakaribia sana zebaki; ni nyembamba kidogo, kwa hiyo izungushie kipete cha mpira ili ikae katikati, na ujue kwamba ukishabandua karatasi yake inaanza kuisha hata kama hupigi picha. Kuna pia kikopo maalumu cha kuwekea betri kinachopunguza volti. Fundi anaweza vilevile kuirekebisha kamera yenyewe ikubali volti 1.5. Nisisitize kwamba si kamera zote za zamani zenye tatizo hili: Pentax Spotmatic, kwa mfano, ina saketi inayosawazisha, na haijali tofauti hiyo ya volti.

Wakati unatafuta betri, usiache kupiga. Shata ya OM-1 inaendeshwa na springi, haihitaji umeme hata kidogo, na kwa jua kali lisilo na wingu kanuni ya zamani inatosha: tundu la f/16, na kasi inayokaribiana na namba ya ISO, yaani 1/500 ya sekunde kwa filamu ya 400. Elekeza kamera kwenye kitu kilichopigwa na jua hilo uone sindano inakuambia nini. Ikikuelekeza utumie f/22 (tundu dogo zaidi) au zaidi ya hapo kwa kasi hiyohiyo, umeshapata jibu.

Ningeongeza neno juu ya kofia. Hata kipima mwanga kilicho kizima kingeweza kukukosesha macho yale, kwa sababu hupima wastani wa kilicho mbele yake, na hapo mbele palikuwa na jua tele. Ukiyataka macho, sogea hadi kivuli cha kofia kijaze kioo cha kutazamia, pima hapo, funga tundu hatua moja au mbili kutoka kwenye kipimo hicho (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu), kisha urudi nyuma upige.

Chembe_za_Fedha amejibu:

Niruhusuni nijibu lile la utusitusi wa maziwa, maana halihusiani na mwanga wala na betri. Hiyo ni fiksa isiyotosha. Chembe za fedha ambazo hazikuguswa na mwanga hubaki ndani ya jelatini, na kazi ya fiksa ni kuziyeyusha ziondoke. Picha za ndani ya spuli zinaweza kuwa za mwisho kupata fiksa ya kutosha. Habari njema ni kwamba hujapoteza kitu: rudisha mkanda kwenye spuli, uloweshe, mimina fiksa mpya, na ukungu ule utaondoka. Hata mkanda uliokwisha kukauka unakubali kufiksiwa upya.

Ili lisijirudie, pima fiksa yako kila unapotaka kuitumia. Chukua kile kipande cha mwanzo wa mkanda unachokikata kabla ya kupakia, tia tone moja la fiksa juu yake, na usubiri nusu dakika. Kisha kizamishe chote ndani ya fiksa na uanze kuhesabu. Mwanzoni utaona duara lililo wazi ndani ya kipande chenye rangi ya maziwa; pole kwa pole mazingira yake yanaangaza, na sekunde ambayo duara linapotea machoni, kipande chote kikawa sawa, ndiyo sekunde ya kuandika. Muda huo mara mbili ndio muda wa kufiksi mkanda. Fiksa mpya ya haraka, iliyozimuliwa sehemu moja kwa nne za maji, humaliza kazi ndani ya dakika 2 hadi 5. Siku kipande kitakapochukua mara mbili ya muda kilichochukua fiksa ilipokuwa mpya, iache.

Kusuuza hakuhitaji maji mengi kama wengi wanavyodhani. Utaratibu wa Ilford ni kujaza tangi maji na kulipindua mara 5, kubadilisha maji na kulipindua mara 10, kubadilisha tena na kulipindua mara 20, kisha kumalizia kwa maji yenye matone machache ya dawa ya kulainisha ili yateremke bila kuacha madoa. Utaratibu huo ni kwa fiksa isiyoifanya jelatini kuwa ngumu.

Jambo ambalo sitaacha kulisema ni hili: fiksa iliyotumika imebeba fedha iliyoyeyuka, na fedha hiyo ni sumu kwa viumbe wa majini. Usiimwage kwenye sinki wala kwenye mimea. Ikusanye kwenye chombo chenye maandishi yanayosomeka, mbali na watoto, na uipeleke kwa maabara ya picha au kwa wanaopokea taka za kemikali. Vyombo vya kupimia dawa visirudi jikoni kamwe, na vaa glavu, kwa sababu metoli iliyomo ndani ya ID-11 inaweza kuiwasha ngozi ya baadhi ya watu, hata kama mwanzoni haikuwasumbua.

Mwanaspuli amejibu:

Basi ukingo umekwisha kusema: dawa yako ilifanya kazi, na mwanga haukutosha. Ni muhimu uelewe kwa nini ule ushauri wa kuongeza muda wa kusafisha haungekusaidia. Chembe ya fedha hukubali kusafishwa pale tu inapokuwa imepokea mwanga wa kutosha kuunda kishada kidogo cha atomi za fedha, kama 4 hivi. Chembe zilizokuwa chini ya kofia hazikufika hapo. Ukirefusha muda, zile za shavuni zinazidi kuwa nzito hadi mikunjo ya ngozi ifutike, ilhali za machoni zinabaki vilevile. Ndiyo maana wapigapicha wa filamu huamua mwanga kwa kutazama vivuli, na muda wa kusafisha kwa kutazama sehemu angavu.

Kuhusu kuipoza dawa ninatofautiana kidogo na Mama_Tangi. Kwa nyuzi 26 yuko sahihi, na mimi ningefanya kama yeye. Lakini kwa anayesoma hapa ambaye maji yake yanafika nyuzi 30, zile dakika 13 zinashuka hadi karibu 6, tena jelatini huwa laini na hukwaruzika kwa kuguswa tu. Huyo aziweke chupa zake zote, pamoja na maji ya kusuuzia, kwenye beseni moja lenye barafu mpaka zote zifike 24, ndipo aanze.

Mkanda wako unaofuata utumie kwa jaribio kabla hujapiga kitu unachokithamini. Tafuta mandhari moja yenye kitambaa cheusi kivulini na ukuta mweupe juani, na usiibadilishe. Piga kwa kipimo cha kamera, kisha ongeza mwanga kwa hatua moja, kisha hatua mbili, kisha tatu, ukiandika kila moja. Safisha kwa ule mchanganyiko wa nusu kwa nusu, dakika 8, kwa kupindua kwa utulivu. Juu ya skrini nyeupe tafuta negativu ya kwanza ambamo nyuzi za kitambaa cheusi zinaonekana. Idadi ya hatua zake ndiyo upungufu wa kipima mwanga chako kwa betri hiyo, siku hiyo. Kwenye negativu hiyohiyo tazama ukuta mweupe. Kama umekuwa mzito kiasi cha kuficha alama za plasta, punguza muda wa kusafisha kwa dakika moja kwenye mkanda unaofuata. Kama plasta inaonekana, muda wako umeshaupata, na kilichobaki ni betri.